Masale Niliyopanda Kibosho

Jumanne ile nilikuwa namfokea fundi bomba aliyenipasulia sinki, na nilikuwa nimefika pazuri kabisa pa kumtukana, simu ilipoita. Sauti ya mwanamke ikaniamkia, ikasema yeye ni binti wa Dismas wa Kibosho, baba amefariki, mazishi ni Alhamisi kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo. "Jina lako tumelikuta kwenye kitabu chake cha sala," akasema. "Ameandika Bwana Udongo, na namba. Tukaona tukujulishe." Namba ile nilimpa mimi mwenyewe, siku moja tulipogongana stendi ya Moshi, yeye ametoka jela mwaka uliotangulia, mimi natafuta mlango wa kukimbilia. Hakuwahi kupiga. Nilimpa binti pole, nikakaa juu ya ndoo jikoni kwangu pale Soweto ya Moshi, na fundi bomba, kwa kuona nimenyamaza ghafla, akakusanya spana zake taratibu akatoka bila kuaga. Hata yeye alijua kwamba mimi nikinyamaza kuna jambo.

Alhamisi asubuhi niliingia kwenye ua wa jirani nikakata jani moja la sale. Mchaga hahitaji kuelezwa, lakini kwa asiyetujua: sale ni mmea wa majani marefu, mabichi mwaka mzima, unaopandwa mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unalifunga jani lake fundo unampelekea. Ukishalitoa mbele yake, hata kama alikuwa amekuja na panga, anashusha mkono. Hawezi kulikataa na hawezi kukupiga. Nililifunga fundo, nikalitia mfuko wa ndani wa koti. Lilikuwa la Priskus, mdogo wa marehemu, niliyemkosea miaka thelathini iliyopita na ambaye mpaka asubuhi ile hakujua. Nilikuwa naenda kumwambia. Barabara ya Kibosho ni ileile, mawe na makorongo, na kila gari liliporuka nililigusa lile jani kifuani kuona kama bado liko.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya shahada ya pili ya fizikia, na msimamizi wangu alikuwa Dokta Tesha. Tulifanya kazi katika ghala la zamani la kahawa mjini Moshi, karibu na reli, kuta nene, dirisha moja, harufu ya maganda ya kahawa ambayo haikutoka hata tulipopiga deki kwa sabuni ya unga. Katikati ya chumba kulikuwa na kijumba tulichokijenga wenyewe kwa matofali ya madini ya risasi, kuzuia mionzi ya nje, na ndani yake kigunduzi cha mionzi cha madini ya gerimani, kidogo kama kikombe cha chai, kilichotakiwa kupoozwa saa zote kwa naitrojeni ya maji. Naitrojeni tuliipata kwa watu wa mbegu za ng'ombe, wanaoitumia kuhifadhia mbegu za madume, na Dokta alipenda kusema kwamba fizikia ya mkoa mzima inaishi kwa hisani ya mafahali. Hilo lilikuwa neno lake la siku njema. Siku mbaya alirusha vitu. Nilimwona akirusha kikombe, spana, mfuniko wa pipa, na mara moja tofali la risasi, ambalo mtu mwenye akili harushi kwa sababu ni zito. Liliangukia kidole changu gumba cha mguu, ukucha ukang'oka, na yeye mwenyewe akanifunga kidonda huku akinitukana kwa kuuacha mguu pale. Nilimchukia sana, na nilimpenda. Tulikula pamoja kila mchana, wali maharage kwenye sahani moja ya bati, na ugomvi wote ulikwisha kabla maji ya kunawa hayajapoa.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima udongo wa mlimani. Udongo wa Kilimanjaro ulitoka tumboni mwa volkano, una thoriamu na urani kidogo, na hizo zinavunjika polepole, kiini kimoja kikizaa kingine. Kinachozaliwa mara nyingi huzaliwa kimesisimka, kina nishati ya ziada isiyokaa, na kinapoitupa ndipo tunapopata mionzi ya gama. Kila kiini kina namna yake ya kuitupa, kwa hiyo ukitazama mistari kwenye skrini unamjua aliyeitupa. Dokta alinifundisha hayo siku moja ya mvua, amesimama mbele ya skrini ya kijani na kijiko mdomoni. "Tazama huyu," akasema, akionyesha msitu wa mistari upande wa kushoto. "Huyu ana ngazi nyingi. Anashuka moja moja, kila hatua anapiga kelele. Kelele nyingi, nishati kidogo kidogo." Kisha akasogeza kidole mpaka kulia kabisa mwa skrini, palipokuwa patupu, isipokuwa mstari mmoja mrefu peke yake. "Na huyu ni risasi mia mbili na nane, mtoto wa mwisho wa thoriamu. Ni mgumu kuliko wazito wote. Kumsisimua huyu ni kazi. Lakini akisisimka, kutoka pale juu mpaka utulivu hakuna ngazi hata moja. Anatupa yote mara moja. Nishati elfu mbili mia sita kumi na nne." Akakitoa kijiko mdomoni. "Ukiishi na watu utawakuta wote wawili, we mjinga." Nikaandika namba kwenye daftari. Hilo la watu sikuliandika.

Kwa sampuli nilipewa Kibosho, na huko nikapewa chumba kwa Dismas. Chumba kilikuwa ubavuni mwa zizi, ukuta wa mbao tupu, na usiku na mchana nilisikia ng'ombe wawili wakitafuna upande wa pili kana kwamba tumelala kitanda kimoja. Upande mwingine ulikuwa jiko la Mama, yaani mama yao, mjane mfupi mwenye mikono migumu aliyeniita mwanangu siku ya kwanza na kunitukana siku ya pili kwa kuacha mtori nusu bakuli. Dismas alikuwa mkubwa, miaka thelathini na kitu, mpole mpaka anakera. Ukimuuliza jambo alilifikiria kwanza, akaendelea na kazi, na jibu likaja umeshasahau swali. Priskus alikuwa mdogo, hajaoa, mpagazi wa mlimani, siku sita juu, siku nne nyumbani, na hizo nne kijiji kizima kilizijua. Baba yao alikuwa amekufa na kihamba kimegawanywa, upande huu kwa huyu na upande ule kwa yule, na mpaka ulikuwa masale machache ya zamani yaliyoshuka mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya kumwagilia. La mwisho, kando ya mfongo, lilipandwa na mkono wa baba mwenyewe. Wote wawili waliniruhusu kuchimba popote. Priskus ndiye aliyenipa lile jina. "Watu wanakuja hapa kupanda Kibo," alisema akicheka, "wewe umekuja kupekua udongo wa ndizi. Karibu, Bwana Udongo!"

Priskus alipiga watu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilipofika alikuwa amemtoa jino jirani aliyeiba zamu ya maji ya mfongo, na wiki yangu ya tatu alimtupa mtu juu ya meza ya pombe ya mbege, pipa likapinduka, na kesho yake walikuwa wanacheka pamoja mlango wa kanisa. Sikukuu moja walichinja mbuzi, na wakati wanakinga damu ya supu ya kisusio Priskus aligombana na Dismas juu ya nani ashike kichwa, akapaza sauti, akarusha kisu kikachoma shina la mgomba, akapiga teke beseni. Mama akamchapa mwiko wa kichwani mbele ya wageni wote. Akanyamaza, akakaa, akala supu mabakuli matatu. Dismas muda wote alikuwa amemshikilia mbuzi kwa magoti, uso mkavu, akingoja kelele ziishe aanze kuchuna. Mwenye kelele hana neno, nilijisemea, lakini mwilini nilimwogopa Priskus kama kila mtu. Usiku nililala mlango nimeufunga kwa komeo akiwa nyumbani.

Ndipo nikasikia, asubuhi moja nikiwa bado kitandani, Mama akizungumza na Dismas jikoni kwa Kichaga. Mimi ni Mchaga wa mjini, lugha naikamata robo, lakini maneno yale niliyaelewa. Alisema, "Mdogo wako akipiga kelele mimi ninalala. Wewe ukinyamaza, silali." Nilisikia Dismas akivunja kuni kwa goti, moja, ya pili, ya tatu. Nilicheka ndani ya blanketi. Niliona bibi kizee amechanganya wanawe. Leo, nikiwa na umri karibu na wa Mama wakati ule, huwa najiuliza mtu anahitaji kuambiwa mara ngapi. Nilikuwa nimeambiwa na kiini cha risasi kwa namba kamili, na nimeambiwa na mwanamke aliyewanyonyesha wote wawili. Nilikuwa na shahada na sikuelewa.

Sasa mambo ya vijiti. Ili upime vizuri lazima urudi mahali palepale ulipochimba, kwa hiyo niliweka vijiti vya alama, mstari mmoja kutoka juu ya kihamba mpaka karibu na mfongo, ukikata mshazari upande wa Priskus. Vijiti havikudumu. Vya kwanza viliokotwa kuni, vya pili vilikanyagwa na ng'ombe, vya tatu sijui. Niliposhuka Moshi na mifuko ya udongo isiyojulikana ilikotoka, Dokta aliipiga teke yote. "Udongo usio na mahali ni uchafu!" alipiga kelele. "Rudi ukaweke alama isiyong'oleka! Na ukirudi bila alama, usirudi!" Nilirudi mlimani nimevimba kwa hasira na aibu, na njiani nikapata wazo, na nililiona zuri kiasi kwamba nilicheka peke yangu. Kitu gani Mchaga hang'oi? Jumapili, wote wamekwenda misa, nilikata vipande vya masale kwenye ua wa nyuma wa Mama, nikavichomeka kila penye shimo langu, tisa, kwa kamba, mstari ulionyooka kama rula. Cha mwisho kilisimama hatua mbili tu kutoka lile la baba. Nilijua kwamba sale haling'olewi. Kwa nini haling'olewi, hilo nililijua nusu, kama nilivyoijua lugha. Sikumwambia mtu, si kwa ubaya. Lilikuwa jambo dogo, na walikuwa kanisani. Mchana huohuo nikashuka Moshi na sampuli zangu.

Udongo ukishakaushwa na kuchekechwa hutiwa kwenye kopo na kuzibwa kabisa, na kopo hukaa karibu mwezi mzima kabla ya kupimwa, ili gesi iliyomo isitoroke na uzao wake wote utulie ndani. Mwezi ule nilikaa ghalani nikitazama makopo, na masika yakashuka. Mvua ilikuwa ya matusi. Iliangusha migomba, ikabomoa kingo za mfongo, ikafukua barabara. Na kile ambacho fizikia haikunifundisha ni kwamba kipande cha sale hakihitaji mizizi. Ukikichomeka ardhini penye mvua, kinaota, na kilichokuwa kijiti tu ndani ya magugu kinaonekana ghafla kuwa mpaka.

Nilirudi Kibosho siku ambayo Priskus alishuka kutoka mlimani. Nilimkuta Dismas njiani amebeba majani ya ng'ombe kichwani na panga mkononi, tukaongozana, yeye kimya, mimi nikieleza habari za makopo. Kelele tulizisikia tangu barabarani. "Dismas! We Dismas! Njoo uone wizi wako!" Priskus alikuwa amesimama katikati ya kahawa zake, midomo imepasuka kwa baridi ya juu, viatu vya mlimani bado mguuni, na mbele yake masale yangu tisa, yamechipua, mabichi, yamepanga mstari ndani ya shamba lake. "Nimekwenda kubeba mizigo ya Wazungu, wewe unanisogezea mpaka! Ndugu yangu wa tumbo moja! Ungesubiri nife!" Alilishika la kwanza akaling'oa. Akang'oa la pili. Mama alitoka jikoni akapiga yowe, kwa sababu hakuwahi kuona mtu aking'oa sale. Dismas aliyatua majani chini polepole. Niliona usoni mwake kwamba hakuelewa hata kidogo. Mimi nilielewa palepale.

Nilikuwa na muda. Hili nalisema wazi kwa sababu nimejidanganya miaka mingi kwamba mambo yalikwenda haraka. Priskus alipiga kelele muda wa kutosha mtu kumenya ndizi za sufuria nzima. Alitukana, akashuka, akang'oa, akasimama, akatukana tena. Neno langu lilikuwa fupi: ni mimi. Nililiweka ulimini likakaa pale. Niliogopa. Nilimwona Priskus akiniacha bila meno, nikamwona Dokta akinifukuza, nikaona aibu ya kula mtori wa watu na kuwapandia mpaka wa uongo. Na nilijiambia, kwa uhakika wa msomi, kwamba kelele za Priskus huisha. Zitaisha, atakula, nitawaeleza jioni kwa utulivu tukicheka. Kumbe nilikuwa nikimtazama asiye wa kutazamwa. Priskus alifika kwenye mfongo, akang'oa la tisa, akaliona la baba hatua mbili pembeni. "Kama mpaka unahama," akasema, "basi hakuna mpaka!" Akaliinamia kwa mkono wa kulia, akalivuta lote na udongo wake.

Dismas alivuka kahawa bila kukimbia. Panga lilipanda mara moja na kushuka mara moja, na sauti yake ilikuwa ya kukata mgomba, hiyo tu. Mkono wa Priskus uliangukia mfongoni pamoja na sale la baba ambalo vidole vilikuwa bado vimelishika, na maji yakauzungusha kidogo kabla haujakwama kwenye jiwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni bila kulitilia maanani. Nilivua shati nikamfunga Priskus juu ya kiwiko kwa nguvu zote, yeye akinitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua. Hakupiga kelele tena. Majirani wakaja na machela ya miti. Nilipogeuka, Dismas alikuwa amelitoa lile sale vidoleni mwa ndugu yake, amelirudisha kwenye shimo lake, na analishindilia udongo kwa kisigino, taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

Hospitali ilimwokoa Priskus, mkono haukuunganika. Polisi waliniuliza niliona nini nikasema niliona panga. Mahakamani nilisimama kizimbani nikarudia hivyohivyo. Dismas alipoulizwa kwa nini, alifikiria kwa muda mrefu mpaka hakimu akamkaripia, kisha akasema, "Aling'oa sale la baba." Hakimu hakuwa mtu wa kwetu na hakuuliza kwa nini aling'oa. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nimevaa tai niliyoazima. Maji yalikuwa yameshamwagika, nilijiambia, na maji yakimwagika hayazoleki. Wakampa miaka saba. Alipopita mbele yangu akiwa na pingu aliniuliza, "Bwana Udongo, umekula?" Nikaitikia ndiyo.

Kwa Dokta nilikiri. Nilimwambia yote, nikajikunja kungoja kitu kirushwe, na ningekipokea kwa furaha. Hakurusha. Aliweka kijiko mezani, akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Umemwambia nani mwingine?" Nikasema hakuna. "Basi kapime," akasema, akatoka nje, na tangu siku hiyo hatukula tena sahani moja. Nikapima. Kopo la upande wa Dismas na kopo la upande wa Priskus, siku nzima kila moja ndani ya kijumba cha risasi, na kulia kabisa mwa skrini mstari ulisimama palepale, urefu uleule. Udongo ulikuwa mmoja, hauna habari ya mpaka. Katika kitabu changu cha shahada kuna sentensi moja juu ya jambo hili. Inasema vituo vya sampuli viliwekewa alama za kudumu. Walioisahihisha waliisifu kazi kwa umakini wake. Baada ya hapo nilifundisha miaka ishirini na minane, nikawarushia wanafunzi chaki, madaftari na mara moja kiti, na waliposema mwalimu huyu ni mkali nilifarijika, maana kelele ndiyo nafuu niliyoijua. Usiku wa kimya niliukimbia. Kibosho sikukanyaga.

Alhamisi hiyo basi, baada ya miaka thelathini, niliikuta misa imekwisha na jeneza linashushwa kati ya migomba. Nilisimama nyuma. Nilipoinua macho niliyaona. Yamepita kimo cha mtu, manene, mstari ulionyooka kama rula kutoka juu mpaka mfongoni, yote tisa. Mama aliyarudisha, nilikuja kuambiwa na binti wa marehemu. Aliyapanda tena moja moja kwa mikono yake kabla hajafa, kwa kuwa sale halitupwi. Na kati ya mstari wangu na ule wa baba kulikuwa na kipande chembamba cha ardhi, pembe ya magugu na miiba, mahali penye udongo mzuri kuliko wote, ambapo hakuna ndugu aliyewahi kuweka jembe. Dismas alipotoka jela alirudi upande wake. Priskus alibaki upande wake. Miaka yote hiyo walipita kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyeuvunja mpaka, na mkubwa alikuwa amekufa akiamini hivyo. Priskus alitupa udongo kaburini kwa mkono wa kushoto, mkono wa shati wa kulia umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakulia.

Watu walipokaa kula machalari nilimfuata. Alikuwa amesimama peke yake kwenye ukingo wa yale magugu. "Shikamoo, kaka," nikasema. Akageuka, akanitazama. "Marahaba. Bwana Udongo. Umezeeka vibaya." Nikasema nina neno. Nikalisema nikiwa nimesimama, kabla sijapata pumzi ya kuliremba: haya masale niliyapanda mimi, yalikuwa alama za mashimo yangu, mlikuwa kanisani, sikuwaambia, Dismas hakusogeza mpaka, na siku ile nilikuwepo na nilijua na nilinyamaza, na mahakamani nilinyamaza.

Nilingoja kelele. Nilizitamani. Priskus hakupiga kelele. Aliyatazama masale moja baada ya jingine, akiyahesabu kwa macho kutoka juu mpaka chini, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa alipokuwa na mikono miwili. Mkono wangu ukaenda kwenye koti.

"Una nini humo?"

"Sale, kaka."

"Usilitoe." Alisogea karibu. "Ukilitoa sitaweza tena."

Nikaushusha mkono. Akanipiga ngumi ya mdomo kwa ule wa kushoto, mara moja, kwa miaka yote thelathini. Nilianguka chali juu ya masale yangu, mdomo umejaa damu na kipande cha jino, na nyuma watu walinyanyuka kwenye viti. Yeye akawaashiria wakae. Akangoja mpaka nimepiga magoti, nimetema, nimesimama.

"Haya," akasema akihema. "Sasa toa."

Nililitoa kwa mikono yote miwili. Fundo lilikuwa limelegea kwa jasho. Alilipokea, akalikaza tena kwa meno na vidole vitano, akalibana kwapani upande wa kigutu. Alilia sasa, bila kujificha, kwa sauti kubwa, kama nilivyomjua.

"Aika," akasema, akinishukuru kwa Kichaga. "La kwangu nimepokea." Kisha akainua kile kigutu akaelekeza kwenye udongo mbichi wa kaka yake. "La Dismas liko wapi?"

Nilipapasa koti, mfuko wa ndani, mifuko ya nje. Nilikuwa nimekata jani moja tu.